Chokaa ya Jumamosi

Mvua ya Wandegeya, Kampala, haipigi hodi. Ilimkuta Umulkheir katikati ya barabara, taa zimeshageuka na magari yananguruma, naye amekumbatia chungu cha ua kwa mikono miwili kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Alivaa gauni refu la zambarau lenye kamba ya fedha kifuani, na mtandio wa rangi ya maziwa uliokwisha kumganda shingoni. Boda boda zilimpigia honi. Wakaanga chapati walikuwa wanavuta majiko yao chini ya mabati, na harufu ya mayai na vitunguu ikapanda pamoja na mvuke wa lami.

Mara mvua ikakoma juu ya chungu. Si juu yake yeye, juu ya chungu tu. Akainua macho, akaona mwavuli mweusi mpana, na kwenye mpini wake mkono wenye glavu nyeupe pepepe.

"Pita, nyabo. Mimi nashika hapa."

"Ssebo, unalikinga ua, mimi nalowa!"

"Wewe iko na mtandio. Hii maua haina kitu."

Umulkheir alicheka palepale, maji yanamchuruzika puani. Walivuka hivyo, yule kijana analowa bega, yeye analowa mgongo, na ua limekauka kama limekaa sebuleni. Upande wa pili ndipo akamwona vizuri: mrefu, mweusi wa kung'aa, koti jekundu la bendi lenye vifungo vya shaba, na mfuko wa tarumbeta begani.

"Wewe ni askari au harusi?"

"Askari wa kupuliza," akasema. "Sufian Oryem, bendi ya polisi. Na hii mgonjwa inaitwa nani?"

"Si mgonjwa. Ni gadenia, nimetoka kuibadilishia chungu. Kwetu kila binti akiolewa huvaa ua lake nyuma ya sikio. Mama yangu alivaa, na mama yake alivaa."

Sufian akalitazama lile ua moja lililofunguka, jeupe, zito, linanukia kupita moshi wa Wandegeya nzima. Akavua kofia yake ya bendi, kama mtu aliyeingia ofisini kwa mkuu wake.

"Banange," akasema polepole. "Na hii kitu inatoka kwa udongo?"

Umulkheir alikuwa ameishi na ua lile tangu utoto, lakini siku ile ndipo alipoliona. Akampa namba ya simu.

Simu zikaanza. Umulkheir alifanya kazi katika maabara ndogo kule Mulago, akipima damu na mikojo ya watu, na kila adhuhuri simu ilitetemeka mfukoni mwa koti lake jeupe.

"Daktari wangu, umekula?"

"Mimi si daktari, laazizi. Mimi ni wa vichupa."

"Basi pima mimi. Mimi iko na ugonjwa ya kukuwaza."

"Hiyo haionekani kwenye darubini. Rudi nyumbani, kunywa maji mengi."

Kwao Umulkheir ni Old Kampala, nyumba ya ghorofa yenye duka la kanzu chini. Wazee wao walikuja na biashara kutoka pwani miaka mingi iliyopita, wakabaki. Mama yake alikwisha kufariki, na aliyemlea ni Shangazi Naila, mwanamke mnene mwenye bangili za dhahabu, anayejua bei ya kila kitambaa kwa kukigusa tu. Sufian naye baba yake alikuwa Mzee Ongom, Mwacholi, sajenti mstaafu anayeishi na mwanawe kwenye kota za polisi. Mama yake, marehemu Zulaikha, alikuwa Mwislamu wa Bombo, naye ndiye aliyempa mtoto jina na kumfundisha kuswali.

Shangazi Naila alipopata habari hakupiga kelele. Alimkaribisha Sufian chai ya tangawizi na vitumbua, akamtazama anavyokula, kisha akasema, "Mwanangu Umu anakwenda Arua kwa mafunzo, msimu mzima wa mvua. Chungu kile ukakae nacho wewe. Mwanamume akiweza kukilea kisicholia, ndipo nitajua ataweza kumlea anayelia. Ua likiwa hai akirudi, mlete mzee wako tuzungumze."

"Na ikikufa, Shangazi?"

"Likifa, kila mtu ataendelea kunywa chai nyumbani kwake."

Basi Sufian alikibeba chungu mpaka kota, akakiweka ndani, dirishani penye mwanga wa asubuhi. Na sasa sikilizeni alivyofanya, kwa kuwa alifanya kwa moyo wote. Katika kambi, kitu kinachothaminiwa hupakwa chokaa. Mawe ya njia ya mkuu hupakwa, vigogo vya miti hupakwa, nguzo ya bendera hupakwa. Sufian alikua akiona hivyo tangu hajajua kufunga viatu. Akakoroga ndoo ya chokaa ikawa nzito kama uji uliopoa, akapaka chungu nje, akapaka na ndani ukingoni, na iliyobaki akaichanganya udongoni, viganja kwa viganja, ili sisimizi wasikaribie. Juu akafunika kwa udongo mpya mweusi. Chungu kikang'aa mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Alipiga picha akampelekea Umulkheir.

"Mashallah! Chungu kimevaa kanzu!" akacheka simuni. "Na majani yake?"

"Iko sawa, mpenzi. Iko sawa kabisa."

Wakati ule yalikuwa sawa kweli. Lakini baadaye majani machanga yakaanza kutoka na rangi ya ndizi mbivu, mishipa tu ndiyo ilibaki kijani, kama ramani ya mito kwenye karatasi ya njano. Sufian akaogopa. Akaongeza chokaa, kwa sababu ndiyo dawa aliyoijua. Majani yakazidi. Akayachuma mabaya, akawa anapiga picha za chungu peke yake.

"Mbona siku hizi unanionyesha chungu tu?"

"Simu yangu kamera yake imechoka."

"Kamera imechoka, au wewe?"

"Mimi siwezi choka na wewe, Umu."

Umulkheir aliporudi kutoka Arua alikwenda moja kwa moja kota, hata begi hakuliweka nyumbani. Alivaa kitenge kipya cha kijani alichoshona kule kwa ajili ya siku ile. Akafungua mlango, akaliona ua lake. Chungu cheupe kinameremeta, na juu yake vijiti vyenye majani machache ya njano, kingo zimeungua, na tumba moja lililonyauka kabla ya kufunguka.

Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali.

"Ulijua?"

"Nilijua, lakini—"

"Ukanificha. Ukapaka chungu kiwe kizuri ili nisitazame majani. Ndivyo utakavyonilea mimi pia, Sufian? Mimi nitanyauka ndani, wewe utapaka nje?"

Yale maneno ya chokaa yalimwingia Sufian mahali ambapo Umulkheir hakupajua. Akainama, akakibeba chungu mpaka kwenye teksi, akamfungia mlango wa gari taratibu.

"Sisi watu wa kambi," alisema tu, "labda hatufai kwa nyumba yenu."

Hakupiga simu tena, wala Umulkheir hakumpigia. Shangazi Naila alikitazama chungu, akaguna, akaenda kukunja kanzu. Umulkheir alilimwagia ua maji, maji yakapita yakatuama kwenye kisahani, na yalipokauka yakaacha ukoko mweupe. Siku nyingine akaupitia ukoko ule kwa kidole. Mgumu, kama uliomo ndani ya birika la zamani. Mkono wa maabara ukaamka kabla ya moyo. Akalimwagia ua tena, akachukua maji ya kisahani kwenye kichupa, akaenda nayo kazini, na kwenye droo akatoa vijikaratasi vya kupimia mkojo vilivyopitwa na muda. Kati ya vile viraka vya rangi kimo kimoja cha kuonyesha uchachu. Kikiwa cha machungwa, kuna uchachu. Kikiwa cha buluu, uchachu hakuna.

Kilikuwa buluu ya bahari kuu.

Jioni akafukua udongo kijiko kimoja, akauweka kwenye kikombe, akamimina siki ya jikoni. Udongo ukachemka. Ukatoa povu na sauti, shiii, kama soda, bila moto wala kibiriti. Umulkheir akapiga magoti mbele ya kikombe.

"Shangazi! Njoo uone, udongo unasema!"

Shangazi Naila akaja na bangili zake, akachungulia, akashika kifua. "Subhanallah. Na hicho kijikaratasi? Umempima mkojo ua?"

"Nimempima, Shangazi. Hana njaa ya chakula. Chakula kimo humu humu, ila gadenia hutaka udongo mchachu kidogo, na chokaa imeumaliza uchachu. Bila uchachu, mizizi haiwezi kunywa chuma kilichomo. Ni kama kabati limejaa mikate na ufunguo umepotea, mtoto analia mlangoni."

"Chokaa imeingiaje?"

Umulkheir akapapasa ukingo mweupe wa chungu. Alikuwa anakumbuka.

Jumamosi asubuhi akaenda kota. Sufian hakuwapo, bendi ilikuwa kazini. Nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi mkubwa, alimkuta Mzee Ongom amepiga goti moja, suruali imekunjwa, ndoo ya chokaa pembeni. Mawe yaliuzunguka mti duara, naye alikuwa anayapaka moja moja kwa brashi iliyokwisha nywele, polepole, kama anayemnawisha mtoto uso.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Pole, mimi siwezi simama haraka."

"Mawe haya ni ya nini?"

"Ya mama yake Sufian. Hii mti alipanda yeye, kutoka mbegu ya parachichi aliyokula." Akachovya brashi. "Alipokufa, mimi na kijana tulikosa la kufanya. Basi tukapaka. Mpaka leo. Sufian kama hana kazi, Jumamosi hawezi kukosa. Ile maua yako ilipokuja aliniambia, Baba, hii ni ya Umu, nipe brashi yako mzuri, si hii ya mawe."

Umulkheir alikaa chini na kitenge chake cheupe cha kutokea, juu ya nyasi zenye chokaa. Alimtazama yule mzee na duara la mawe meupe, na akaona alichokuwa nacho sebuleni: mtu alichukua kitu chake kitakatifu kuliko vyote, akakichanganya kwa viganja vyake ndani ya udongo wa ua. Kikakaribia kuliua. Naye Umulkheir akakiita uongo.

Akapiga simu. Iliita, ikaita.

"Halo?" Nyuma yake ngoma zilikuwa zinajaribiwa.

"Sufian, ulitia chokaa kiasi gani ndani ya udongo?"

"Nyingi," akasema. "Ilipougua nikaongeza. Umu, nilitaka isipate kitu kibaya."

"Najua. Niko hapa chini ya mti wa mama yako. Najua, mpenzi. Nisamehe kwa neno nililokuambia."

Ngoma zikapigwa, zikanyamaza. "Na mimi nilikuficha majani. Hiyo ilikuwa woga. Mimi siwezi rudia."

"Basi mkimaliza, njoo Old Kampala. Na usije na brashi!"

Wakafanya kazi ile pamoja kwenye veranda, Shangazi Naila akisimamia kutoka kwenye kiti. Walilitoa ua chunguni, wakakung'uta udongo wa chokaa, wakaosha mizizi kwa maji ya mvua yaliyokingwa batini, Sufian akiishika kama anavyoshika mdomo wa tarumbeta yake. Chungu kipya kilikuwa cha udongo mtupu, hakikupakwa. Walichanganya mboji ya majani yaliyooza na sindano za msonobari, wakatia na kijiko kidogo cha salfa ya unga kutoka duka la pembejeo, ile ya njano inayonuka kama kiberiti. Majani wakayapulizia dawa yenye chuma.

"Si tumwage siki, imalize leo leo?" Sufian akauliza.

"Siki inapoza kisha hali inarudi, na ikizidi inaunguza mizizi. Salfa inafanya kazi polepole, vijidudu vya udongoni ndivyo vinavyoigeuza kuwa uchachu. Sisi tungoje."

"Kuna watu ndani ya udongo wanafanya kazi?"

"Wengi kuliko Kampala."

Sufian akautazama udongo kwa heshima, akasema nao kwa sauti ndogo, "Webale emirimo," asante kwa kazi.

Kila wiki walipima maji ya kisahani, vichwa viwili juu ya kijikaratasi kimoja. Buluu ikafifia ikawa kijani iliyokoza, kisha kijani ya jani changa, kisha siku moja njano inayoelekea machungwa. Lile ambalo jicho haliwezi kuliona ndani ya giza la chungu lilikuwa limegeuka kweli. Majani ya zamani mengine hayakupona, yakaanguka, lakini mapya yalitoka kijani kibichi, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta ya nazi.

Msimu uliofuata, alfajiri, Shangazi Naila alishuka kuswali akasimama katikati ya sebule. Harufu ilikuwa imeijaza nyumba. Akaenda dirishani, akalitazama ua moja jeupe lililofunguka peke yake, machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Akapiga simu mwenyewe.

"Sufian, baba, umeamka? Mlete mzee wako. Chai iko motoni."

Lakini ilikuwa Jumamosi, na Sufian alitaka kwanza kuuliza kwa mdomo wake. Umulkheir alimkuta na baba yake chini ya mparachichi, mikono imejaa chokaa.

"Shangazi ameniita," akasema Sufian. "Lakini mimi nataka sikia kwako. Umu, utanikubali? Mimi na baba yangu, na hizi mawe?"

Umulkheir alikunja mikono ya gauni lake la zambarau, lile la Wandegeya, akapiga goti kando ya Mzee Ongom, akachukua brashi mkononi mwake. Akachovya, akapaka jiwe moja juu mpaka chini, akarudia mahali palipobaki kijivu.

"Umu, sijasikia jibu."

"Sogea," akasema, akivuta ndoo karibu. "Unakanyaga jiwe la mama."