Iguse Ikiwa Baridi

Uwanja mzima wa kuuzia pikipiki ulikuwa ukimtazama. Muuguzi alikuwa amechuchumaa, sare yake nyeupe kaikunja hadi magotini, akikagua mnyororo wa pikipiki nyekundu.

"Dada, hiyo ni ya kupigia picha. Ya kazi ni ile nyeusi."

Aligeuka. Kijana mrefu, ovaroli limelowa mafuta, tabasamu la uchokozi. Alikuwa fundi wa pikipiki.

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Ila ile hainywi mafuta ovyo, vipuri vyake viko kila kona, na hata safari ya siku nzima mgongo hautakulilia. Hebu gusa injini ya hiyo unayoipenda."

Akaigusa. Ilikuwa ya moto.

"Wameiwasha kabla hujafika, usijue inavyosumbua kuwaka. Pikipiki iguse asubuhi, ikiwa baridi."

Muuguzi alicheka bila kupenda. Aliondoka na namba ya simu ya fundi, na kwa wiki mbili simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje, nawe huupi mdomo wangu nafasi?"

Mama yake muuguzi aliposikia habari ya pikipiki, alikuja juu. "Mtoto wa kike! Unataka kuvunjika?"

"Mama, mimi ndiye ninayewafunga plasta waliovunjika. Najua walivyoanguka. Nachukua ile nyeusi."

Kesho yake fundi alipiga simu, sauti imenywea. "Mpenzi, achana na ile nyeusi. Nimeikagua tena. Injini imechoka."

Ilimuuma, maana alikuwa keshaipangia safari ya kwenda milimani. Lakini asubuhi, kabla ya zamu, alipita uwanjani. Akaweka kiganja kwenye injini: baridi kabisa. Akapiga kiki. Ikawaka mara moja, bila moshi, ikinguruma taratibu. Akampigia papo hapo.

"Unaisikia? Nani amechoka, injini au wewe?"

"Mama yako aliniomba nikwambie hivyo, akalia. Na mimi naogopa. Kila wiki naletewa pikipiki zilizopondeka."

"Ungesema unaogopa, ningekuelewa. Uongo sipakii."

Akakata simu. Siku hiyohiyo akainunua.

Siku nane hakupokea simu ya fundi. Ya tisa, jioni, fundi alisimama uani kwao, shati limepigwa pasi, mbele ya mama mtu.

"Mama, nisamehe. Pikipiki ni nzima. Kasoro ilikuwa kwangu." Akamgeukia muuguzi. "Naomba lifti."

"Mwanaume apakiwe na mwanamke?" mama aling'aka. "Watu watasema!"

"Midomo ni yao, mama, waache waseme." Muuguzi alimrushia fundi helmeti. "Panda. Na sijakusamehe."

Sokoni walizomewa. "Kaka, umebebwa!"

"Nimebebwa na mke wangu!" fundi akajibu kwa kelele.

Breki zilikamata katikati ya barabara. "Mke wa nani? Umeniuliza?"

"Nakuuliza sasa."

Muuguzi alitamani kukubali, lakini hakuwa mtu wa kununua kitu kikiwa cha moto. "Hapa umechemka, umezomewa. Njoo uniulize asubuhi."

Saa kumi na mbili asubuhi fundi alikuwa mlangoni, hajanywa hata chai. Aliuliza kwa sauti ya chini, mara moja tu.

"Ndiyo," alisema muuguzi, mkono wake shavuni mwa fundi. "Na siku ya harusi naendesha mimi."