Lori Lililopewa Jina la Marehemu

Lori lilikuwa limelala yadini wiki nzima bila kuwashwa, lakini asubuhi ile Warigia alipoteleka chai alisikia harufu ya breki zilizoungua. Akatoka. Ukungu wa mlima ulikuwa umeshuka mpaka mjini Chaka, na pale kwenye lori hapakuwa na mtu. Akagusa gurudumu la nyuma. Lilikuwa moto.

Hakumwambia mtu. Yeye alikuwa mpishi tu pale, na hata hiyo kazi aliipata kwa huruma. Mumewe, Kinyua, alikuwa dereva wa Mzee Marete hadi breki zilipokataa mteremkoni na lori likaanguka naye. Serikali ikaifunga kampuni ya mzee. Lakini Mzee Marete ndiye aliyenunua jeneza, na ndiye aliyempakata mtoto wao Ben kaburini Warigia aliposhindwa kusimama. Mtu akikutendea hivyo, huwezi kumsahau.

Mwezi uliopita mzee alileta lori jekundu, rangi bado inanata, mlangoni pameandikwa KINYUA TRANSPORTERS.

"Mama Ben, mtu akifa si tunapatia mtoto jina yake ndio asipotee?" alimwambia. "Mimi nimepatia kampuni."

Warigia alilia kwa shukrani. Alipoombwa kitambulisho, ati cha mambo ya bima, alikitoa. Alipoonyeshwa mahali pa kutia sahihi, alitia.

Tangu siku hiyo yakaanza. Kwanza magurudumu kugongwa, ngo, ngo, ngo, vile Kinyua alivyokuwa akiyapima kwa chuma kabla ya safari. Kisha breki za upepo kushusha pumzi, fsss, injini ikiwa imezimwa. Sasa harufu. Na Jumamosi, Gatimu, mdogo wake Warigia, angelichukua lori hilo likiwa na mzigo wa mawe hadi Nyeri. Ilikuwa safari yake ya kwanza.

"Usiliendeshe," Warigia alimnong'oneza. "Kuna kitu ndani."

"Ati jini?" Gatimu akacheka. "Likipanda lifunge mkanda. Polisi ni wengi."

Jumamosi Warigia alimleta Cucu Kabura, bibi mwombeaji mwenye kilemba cheupe. Cucu aliweka kiganja kwenye boneti, midomo ikamcheza, kisha akauliza polepole, "Wewe ni nani?"

Redio ya lori ikawaka yenyewe, ikakwaruza, na kutoka ndani ya mkwaruzo ule, ukungu ukizidi kushuka mpaka Warigia asiione hata mikono yake mwenyewe, ikaja sauti aliyoizoea kitandani miaka saba, sauti iliyochoka kama ya mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha, ikasema, "Mmeniita."

"Nani amekuita?"

"Warigia."

"Baba Ben, si mimi!"

"Angalia karatasi."

Warigia alipanda, akafungua kijisanduku kilicho mbele ya kiti. Karatasi zilikuwa mbili. Mpya ilisema kampuni na lori ni mali ya Warigia. Jina la Marete halikuwamo. Kuukuu ilikuwa ya ile kampuni iliyofungwa, na namba ya chasisi ilikuwa moja kwenye zote mbili. Lilikuwa lori lilelile. Lilinyooshwa bati, likapakwa rangi, likapewa jina la mtu ambaye lilimuua.

Mzee Marete akatokea, Gatimu akimfuata na funguo. Gatimu akapanda, akawasha injini. Mzee akaziona karatasi.

"Mama Ben," alisema kwa upole uleule wa kaburini, "wabunge wanaleta sheria. Ukifungiwa kampuni, huwezi fungua ingine na jina mpya. Nilitaka mtu hana doa."

"Na breki, mzee?"

"Zitafanywa Jumatatu."

"Na Gatimu anaenda leo!"

"Nimekusaidia mangapi, mama?"

Hapo ndipo palipomuuma. Wema wote ule, kumbe ulikuwa ukingoja siku yake. Warigia alitamani angalau ule wa kumpakata Ben uwe ulikuwa wa kweli.

"Hii karatasi inasema gari ni yangu," alisema. "Gatimu, zima. Shuka."

Gatimu alimtazama mzee, akamtazama dada yake, akashuka. Mguu wake ulipogusa ardhi, kanyagio la breki likazama lenyewe hadi sakafuni, kana kwamba limekanyagwa na mtu aliyeona kifo mbele, wala halikurudi juu.

"Toa jina," Cucu Kabura alinong'ona. "Bila jina hana pa kukaa."

Warigia alilikwangua kwa kisu cha jikoni mpaka bati likaonekana. Redio ikanyamaza.

Jumatatu alipeleka karatasi ofisi ya usajili wa kampuni, Nyeri. Karani, mama mpole, alimpa kiti na maji kabla ya kumuuliza shida yake.

"Kampuni hii tumeifunga," alimwambia mwishowe. "Lakini lori hatuwezi kulishika, mama. Sheria ya kuzuia hayo bado ni mswada bungeni. Kwa sasa tunafunga jina tu."

Aliporudi, lori halikuwa yadini.

Wiki tatu baadaye, Warigia akichagua viazi kando ya barabara ya Endarasha, lilipita. Sasa lilikuwa la kijani. Dereva, kijana asiyemjua, alimpungia mkono kwa furaha. Mlangoni pameandikwa MAMA BEN, jina lake yeye. Na kando ya dereva alikuwa ameketi mwanamke aliyefunga kitambaa kilekile alichofunga Warigia kichwani, mwenye uso wa Warigia, macho ameyakaza kwenye mteremko, mdomo wazi, akipiga ukelele ambao dereva hakuusikia.