Sauti Iliyofunikwa Kawa

Jumanne ile nilivuka kwenda Likoni saa kumi na moja na robo jioni. Nilikuwa na fomu moja, kalamu mbili, na nakala ya video ya sekunde kumi na saba. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: mama mmoja wa Mtongwe asikilize maneno mawili, athibitishe kuwa ni sauti ya bintiye, atie sahihi. Nilikadiria nusu saa.

Mimi ni mchunguzi msaidizi wa ajali za ndege. Siku kumi na tisa kabla, helikopta iliyotoka uwanja wa ndege, Changamwe, ilianguka kwenye mikoko ya Mtongwe saa kumi na mbili na dakika nane jioni. Walikufa watatu: abiria wawili na rubani, Kapteni Mwanakombo. Tulipima mafuta. Tukafungua injini. Tukakagua panga la mkiani, nyaya, gia, mpaka mikanda ya viti. Hatukuona kasoro hata moja. Mkuu wangu, Musyoka, alikuwa ameshaandika pembeni kwa penseli: kosa la rubani.

"Usipoleta kingine, Velma," aliniambia, "hilo ndilo litakalobaki."

Nadira, mdogo wake Kapteni Mwanakombo, alinipokea barabarani akanipeleka kwao. Waliishi wawili tu sasa, yeye na mama yake, Bi Mwanatabu. Namtaja mapema kwa sababu siku hizi silali kwa ajili yake. Ripoti imekwisha. Nadira bado yu hai, nami sijui nifanye nini abaki hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Mama, mgeni wa serikali huyu," Nadira alisema. "Usimpe chai ya asubuhi."

"Nawe ukiipasha moto atajuaje?" alijibu Bi Mwanatabu, akacheka kidogo. Kisha akaona kompyuta yangu, akaketi.

Niliwaeleza kabla ya kufungua. Video ilichukuliwa na abiria wa nyuma kwa simu yake. Abiria wote wawili walikuwa wanaume, na katika sekunde zile hakuna aliyesema neno. Kapteni anaonekana ameketi wima, mkono umetulia. Sekunde ya kumi na moja anageuka kulia kwake, kwenye mlango uliofungwa. Nje yake hakuna kitu ila hewa. Anatabasamu. Anasema maneno mawili.

"Abee, mama."

Kisha pua ya helikopta inainama.

Nilikuwa nimeisikiliza mara arubaini na tatu. Kabla ya maneno yale kuna mngurumo wa injini tu. Nilitaka mama aseme kama ni sauti ya bintiye, na kama binti huyo alikuwa na ugonjwa wowote wa kusikia sauti zisizokuwapo.

Bi Mwanatabu alisikiliza mara moja. Mkono wake ukapanda, ukaziba mdomo.

"Ni yeye?" niliuliza.

"Yuwaitwa," alinong'ona. "Husikii?"

"Sisikii kitu, mama."

"Mara tatu, mwanangu. Mara tatu ndipo akaitika." Alitazama mlango. "Na anayemwita ni mimi."

Nilirudisha video. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Injini. Injini. Injini...

"Mimi pia nasikia," Nadira alisema taratibu. Uso wake ulikuwa umepauka. "Ni wewe, mama. Kama unavyotuita tuje kula."

Chumba kilianza kunuka udi. Chetezo kilikuwa kwenye dirisha, nami nilikigusa, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhakikisha. Kilikuwa baridi.

Ndipo Bi Mwanatabu akasimulia.

Siku tatu kabla ya ajali, mwanamke mmoja alipiga hodi. Mtu mzima, buibui safi, Kiswahili chake cha kikwetu kabisa. Alikuwa amebeba bakuli lililofunikwa kawa. Aliomba kupumzika barazani, akakaribishwa. Akasema amesikia mama huyu ana binti anayeruka angani. Akamsifu. Kisha akasema yeye hakujaliwa watoto, na hajui raha ya kuita mtoto. Akaomba: niitie wako, nisikie majina yanavyokaa kinywani mwa mama yao.

"Mwanakombo yuko kazini. Nadira yuko sokoni. Nikaona, mgeni kaomba jambo dogo, nitamnyima vipi?"

Yule mwanamke akaondoa kawa. Bakulini mlikuwa na maji matupu. Akalisogeza hadi karibu na kidevu cha Bi Mwanatabu, kana kwamba anamkaribisha anywe. Naye akaita. Mara tatu.

Hakuna aliyeitika. Mwanamke akarudisha kawa haraka, akashukuru, akaondoka bila kumwaga hata tone.

"Ulimwita Mwanakombo peke yake?" niliuliza. Sauti yangu haikuwa ya kazini tena.

Bi Mwanatabu alimtazama Nadira.

"Aliniomba niwaite wote wawili."

Nadira aliketi sakafuni. Mama yake akamshika bega.

"Kuanzia leo, nikikuita usiitike. Wallahi usiitike! Nikikutaka nitakuja nikushike bega, hivi. Usiposhikwa bega, si mimi."

Fomu nilirudi nayo tupu.

"Niandike nini hapa?" Musyoka aliuliza kesho yake. "Kwamba aliitwa?" Hakucheka, na hilo liliniogofya zaidi. Ripoti ikatoka na maneno ya penseli yamepigwa chapa. Chini yake kuna sahihi yangu.

Nadira alikuwa akiniandikia. Wiki ya pili aliandika kwamba magharibi amemsikia mama akimwita kutoka uani. Mama mwenyewe alikuwa mbele yake, juu ya mbuzi, anakuna nazi, midomo imefumbwa. Mama naye alisikia. Aliendelea kukuna huku machozi yakidondoka kwenye nazi.

Wiki ya sita Bi Mwanatabu alipata kiharusi. Mkono na mguu vikalala.

Nilifika hospitali saa kumi na mbili kasorobo jioni. Wauguzi walikuwa wakimbadilisha shuka, wametutoa nje. Tulisimama ukumbini, mimi na Nadira, tukitazama pazia la kijani la mlango wa wodi.

"Nadira..."

Sauti ilitoka wodini. Dhaifu, ya mtu aliyeishiwa pumzi.

"Ni yeye," nilisema. "Yuko pale ndani. Hawezi kuja kukushika bega. Nenda, au mwitikie!"

Nadira alifungua mdomo.

"Nadira..."

Hii ilitoka nje, chini ya dirisha. Sauti ile ile. Tamu, yenye afya, kama ya kumwita mtu chakula kisipoe.

Alifumba mdomo. Akanitazama mimi niliyesoma, mimi ninayepima kila kitu. Wodini ikaita tena. Dirishani ikaita tena. Mara hii sikuweza kutofautisha ipi ni ipi, na nikashindwa hata kumsukuma mlangoni.

Muuguzi akafungua pazia.

"Nadira ni nani kati yenu?" Alikuwa amekasirika. "Mama wa watu amekuita mpaka roho imetoka. Ulishindwa nini kuitika?"

Tulimzika kesho yake adhuhuri.

Leo magharibi nimepokea ujumbe.

"Da Velma, bado ananiita. Sasa yuko ndani ya nyumba, chumba cha pili. Najua si yeye. Lakini siku ile sikumwitikia, na hii ndiyo sauti yake iliyobaki. Nimwitikie mara moja tu?"

Nimeandika "usi," nikafuta. Nimepiga simu mara nne.

Inaita. Haipokelewi.