Kipira Kilichoanguka

Kila asubuhi Karwirwa ndiye aliyefika karakanani kwanza. Alifungua kufuli mbili, akasukuma mlango wa mabati, akafagia vipande vya nyaya na tepu vilivyobaki jana, kisha akapanga spika rafuni kuanzia kubwa hadi ndogo. Mjomba wake Kailemia alipoingia na birika la chai, alikuta kazi hiyo imekwisha.

Ilikuwa likizo ya Agosti na baridi ya Meru ilikuwa kali. Karakana ya mjomba ilikuwa Makutano, nyuma ya duka la magurudumu. Watu walileta magari yao hapo ili redio na spika za kiwandani zitolewe, zitiwe nyingine zenye sauti nzuri zaidi.

Karwirwa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Baba yake alifariki mwezi wa Mei baada ya kuugua kwa muda mfupi. Siku ya mazishi watu walilia, na mama yake akalia hadi sauti ikamkauka. Karwirwa alisimama kando ya kaburi akitazama udongo mwekundu kwenye viatu vya mchungaji. Hakulia siku hiyo, wala baadaye. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi. Unajua ni wako, lakini ukiubonyeza husikii kitu.

Mama yake, Kinya, alipomwona akishinda akitazama ukuta, alimwomba kaka yake akae naye karakanani mpaka shule zifunguliwe.

"Unaendeleaje, Karwirwa?" watu walimwuliza.

"Niko sawa," alijibu, na wao wakaendelea na shughuli zao.

Fundi mkuu wa pale alikuwa mwanamke kutoka Embu aliyeitwa Winfred. Wateja wageni walidhani kazi yake ni kupokea simu, mpaka walipomwona amelala chali chini ya dashibodi, bisibisi mdomoni. Winfred hakuwa na maneno mengi. Alimfundisha Karwirwa kuvua waya ngozi yake bila kukata nyuzi za ndani, na kufunga tepu ikakaza. Karwirwa alimwita Aunti.

Jumatatu moja alikuja Mwalimu Nthiga, aliyeishi Nchiru na kufundisha Mikinduri. Alikuwa na gari dogo la kijivu. Ndani yake alikuwa ameketi binti yake Wawira, mtoto wa miaka tisa.

"Spika hizi zilikuja na gari," mwalimu alisema. "Nikipandisha sauti zinakwaruza. Nikishusha, injini inameza kila kitu. Mimi na huyu tunapenda nyimbo za kwaya, na njia ni ndefu."

Winfred alifungua mlango mmoja wa gari, akagonga spika kwa ukucha. "Hizi ni za karatasi," alisema. "Tutaweka nyingine kwenye milango yote minne, tuweke na amplifaya ya kukuza sauti chini ya kiti. Redio yenyewe itabaki. Haina shida."

Kazi ilichukua siku nzima. Walibandua vifuniko vya ndani vya milango, wakatoa spika za zamani, wakafunga mpya. Kilichobaki kilikuwa waya mnene wa kupeleka umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye amplifaya. Waya huo ulipaswa kupita katika tundu la ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya walioketi mbele.

Winfred alifunga fyuzi karibu na betri kwa mkono wake. Kisha akampa Karwirwa kipira cheusi cha duara.

"Mkono wangu hauingii hapo, wako utaingia. Kipira hiki kinakaa ndani ya tundu, waya unapita katikati yake. Bila hiki, chuma kitakwaruza waya kila gari likitikisika."

Karwirwa aliingiza mkono. Kipira kiliteleza kwenye vidole vyake, kikagonga chuma mara moja, kikapotelea chini ya injini. Aliinama kidogo akatafuta kwa macho. Hakukiona. Angeweza kusema. Ndani ya kabati kulikuwa na mkebe mzima wa vipira kama hicho. Lakini alisimama hapo akitazama lile tundu, na moyoni hakukuwa na kitu, si hofu wala haraka. Akasukuma waya, ukapita.

"Umekiweka kipira?" Winfred aliuliza akiwa upande wa pili wa gari.

"Nimekiweka."

Waliporejesha kila kitu na kuwasha redio, kwaya ilijaa karakanani, sauti ya tatu na ya nne zikisikika kila moja peke yake. Mwalimu Nthiga alifumba macho. Wawira alicheka, akaweka kiganja mlangoni ili asikie mtetemo. Karwirwa aliendelea kukunja tepu.

Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, gari la kijivu lilirudi likivutwa kwa kamba na pikapu. Mwalimu Nthiga alishuka polepole akimshika Wawira mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tulikuwa tunateremka kabla ya kufika Mikinduri," alimwambia Kailemia. "Tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Kisha moshi ukatoka chini, miguuni mwa mtoto. Nilisimamisha gari nikamtoa kupitia mlango wangu. Wakulima waliokuwa shambani wakatusaidia kumwaga mchanga."

Wawira alivua kiatu cha kushoto akakionyesha. Soli ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, ikaacha alama laini kama iliyobonyezwa kwa kidole gumba.

Kailemia alifungua boneti. Pale waya ulipopita kwenye ukuta wa chuma, ngozi yake ilikuwa imechunika, na nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi. Fyuzi ilikuwa imekatika, na hiyo ndiyo iliyozuia gari lote lisiwake moto. Hapakuwa na kipira.

"Hii ni kazi ya nani?" Kailemia aliuliza.

Winfred alitazama lile tundu. "Ni yangu," alisema. "Gari lilikuwa mikononi mwangu."

"Miaka sita, Winfred. Miaka sita sijawahi kurudishiwa gari ulilofanyia kazi." Kailemia alifunga boneti taratibu. "Lakini mtoto wa mtu alikuwa ndani. Sitaweza kukupa gari la mteja tena. Chukua vyombo vyako, tutazungumza wiki ijayo."

Winfred hakubishana. Alivuta mkoba wake, akaanza kutia bisibisi moja moja.

Karwirwa alikuwa amesimama kando ya rafu. Alingoja aibu imjie imsukume aseme. Haikuja. Alingoja hofu, nayo haikuja. Alijua kwamba amekosa, kama mtu anavyojua tarehe ya leo. Winfred alitia koleo mkobani, kisha mkasi. Ndipo Karwirwa alipoona kwamba akiendelea kungoja moyo wake uamke, Aunti Winfred atakuwa ameshaondoka.

"Mjomba," alisema, "si Aunti. Ni mimi."

Wote wakageuka.

"Alinipa kipira nikiweke. Kilianguka, sikukitafuta. Aliniuliza, nikamwambia nimekiweka."

"Kwa nini?" Kailemia aliuliza.

"Sijui. Kilianguka tu, nikaona hakuna shida." Alimgeukia Mwalimu Nthiga. "Nisamehe, mwalimu. Nisamehe, Wawira."

Sauti yake ilikuwa tambarare kama ya mtu anayesoma majina ya wanafunzi. Mwalimu Nthiga alimkazia macho. "Unasema kama mtu ambaye jambo hili halimuumi."

"Haliniumi," Karwirwa alisema. "Nataka liniume, lakini haliniumi. Hakuna kitu kinachoniuma tangu baba afe."

Nje, lori lilipiga honi, likapita. Mwalimu Nthiga akaketi kwenye benchi na kumpakata Wawira.

Kailemia alimwendea Winfred. "Nimekuhukumu kabla ya kuuliza vizuri," alisema. "Nisamehe. Rudisha vyombo."

"Na mimi nilipaswa kutazama kwa macho yangu," Winfred alijibu. "Nilimwachia mtoto kazi nzito." Alichukua mkebe wa vipira kabatini, akauweka mkononi mwa Karwirwa. "Njoo. Tunaanza upya."

Walikata waya mpya. Safari hii Winfred alimulika kwa tochi huku Karwirwa akiingiza kipira kwenye tundu. Alipomaliza, Winfred alikivuta mara mbili. Hakikutoka.

"Sikiliza," Winfred alisema, akiwa bado ameinama juu ya injini. "Mtu hawezi kulazimisha moyo uhisi. Hilo si kosa. Lakini Wawira angeungua mguu hata kama wewe huhisi kitu. Ukweli haungoji moyo uwe tayari, na leo umeusema bila msaada wa moyo. Wengi hatuwezi."

Saa tisa, mama yake Karwirwa alifika. Kailemia alikuwa amempigia simu akamweleza yote. Kinya alimsalimu mwalimu, akamwomba radhi kwa mikono miwili, akamwinamia Wawira na kukitazama kile kiatu. Aliahidi kumnunulia viatu vingine kabla ya Jumapili. Kisha akamchukua binti yake, wakaketi nje kwenye magurudumu ya zamani.

"Mjomba wako ameniambia ulichosema kuhusu baba," alisema.

Karwirwa aliinamisha kichwa. "Kila mtu akiniuliza, nasema niko sawa."

"Hata mimi nasema hivyo. Nasema kanisani, nasema sokoni. Nikifika nyumbani nakaa jikoni, sijui hata nilichoingia kuchukua." Kinya alimshika mkono. "Uliogopa kunihuzunisha, na mimi niliogopa kukuhuzunisha wewe. Tumedanganyana tangu Mei, mwanangu, na kila mmoja amebaki peke yake. Kudanganya kuhusu kipira kulimtia mtoto wa watu hatarini. Kudanganya kuhusu moyo kumetutia sisi wawili. Kuanzia leo, nikikuuliza unaendeleaje, niambie jinsi ulivyo, hata kama jibu ni kwamba husikii kitu."

Karwirwa alitikisa kichwa kukubali. Mkono wa mama yake ulikuwa na baridi, na kidole kimoja kilikuwa na jeraha la kisu ambalo hakuwahi kuliona.

"Mama," aliuliza, "na wewe unaendeleaje?"