Fundo la Utosini

Sauti ilikuja saa sita mchana, jua linawaka mpaka bati linalia: chwaaa! Bendeji imechanwa. Muuguzi Ritha akageuka. Kabati la bendeji limefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwake mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa kipindupindu, tisini na saba kwenda tisini na nane. Kambi ya wagonjwa, upande huo wa Manyoni, iliwekwa kwenye ghala la ushirika lililobakia na popo tu tangu wanunuzi binafsi wa mazao waruhusiwe. Wahudumu watatu tu: Ritha, mwenzake Flora, na Filipo wa kupuliza klorini. Usiulize walikuwa wanakula saa ngapi.

"Dada Ritha, umesikia?" Flora alinong'ona, kichwa mikononi. "Kuna kitu kinanikaza. Kinaanzia kidevuni, kinapanda mpaka utosini."

"Klorini hiyo. Meza Panadol."

Panadol! Walizitafuna kama karanga. Filipo, dume lililowahi kuangusha fahali kwa kushika pembe, alikaa chini akalia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa. Ritha naye kilimbana, ila hakusema. Siku ya tatu Flora akashindwa kusimama. Ritha alipompapasa utosini, chini ya ngozi palikuwa na fundo. Fundo bapa, ncha zote mbili zimelala upande mmoja. Akautoa mkono kama ameshika kaa la moto. Wilaya nzima hakuna aliyefunga maiti kidevu kwa fundo lile isipokuwa yeye, na alikuwa akijisifia.

Filipo akaendesha baiskeli huku anatapika, akamleta mganga Isaka. Mzee akasimama mlangoni, akanusa: klorini, na chini ya klorini, udongo uliotoka kufukuliwa. Mkoba wake hata hakuufungua.

"Shikamoo babu," alisema Ritha.

"Marahaba. Mjukuu wangu, huyu hataki kuku wala ubani. Ni marehemu wenu. Anataka aliyemfunga aseme alichomfanyia, tena mbele ya mtoto wa marehemu, na huyo mtoto ndiye amwambie aende. Msipofanya hivyo, jua la leo halitui na huyu binti yuko hai."

"Marehemu yupi, babu? Tumezika arobaini," alisema Filipo.

Akajibu Flora, meno yameumana, midomo haichezi, sauti ya kikongwe:

"Yustina. Wa Kintinku."

Binti wa Yustina, Eliana, alikuwa hapo hapo nje ya kamba ya kuzuia watu, wiki nzima akiuliza mama yake kazikwa wapi. Wakamwingiza.

Ritha alimtazama Flora, macho yameshaanza kugeuka meupe. Akapiga magoti, na maneno yakamtoka bila kituo, kwamba siku ile wagonjwa walikuwa wamelala mpaka sakafuni, kwamba kitanda kilitakiwa, kwamba alitafuta mapigo akiwa na glovu mbili mkononi akayakosa, akapitisha bendeji chini ya kidevu cha mama, akaivuta mpaka utosini, na wakati anakaza akasikia ulimi unasukuma kutoka ndani, taratibu, kama mtu mwenye neno lake, naye akajiambia ni gesi tu ya maiti, akakaza zaidi, akamwita Filipo apulize.

Flora akavuta pumzi ndefu. Filipo akajishika kichwa.

"Kimelegea! Jamani, kimelegea!"

"Sema sasa, binti," Isaka akahimiza kwa sauti ya chini. "Mwambie mama imetosha, aende zake."

Eliana akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Mama, waachie hawa wawili. Hawakujua."

Kisha akamgeukia Ritha.

"Sista, huo ulimi ulisukuma mara ngapi?"

"Mbili," Ritha alinong'ona. "Nisamehe, mdogo wangu. Mara mbili."

"Mama," alisema Eliana, "huyu kaa naye."

Ritha akataka kupiga kelele. Taya zikagongana, ka! Na mzee Isaka, anayejitapa kwamba ametoa majini kuanzia Itigi mpaka Kiomboi, akaokota mkoba wake akatoka bila kuaga.