Tangi la Tatu

Jumamosi saa tano asubuhi, ghorofa ya pili ya jengo la vipuri ilikuwa imefurika, kiasi kwamba ukitaka kugeuka unamwomba ruhusa mwenzako. Katika msukumano huo, mwanamke aliyevaa ovaroli ya rangi ya machungwa na kitambaa chekundu kichwani, vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi, alisukumwa mgongoni akaangukia kaunta ya kioo. Fundi aliyekuwa nyuma ya kaunta aliinua macho kutoka kwenye kabureta aliyokuwa akiisafisha kwa mswaki.

"Karibu," alisema. "Wengine huwa wanaingia kwa miguu."

Mwanamke akajifuta magoti, akacheka. Ndani ya kioo kile zilipangwa injini ndogondogo za ndege za kuchezea, zile zinazorushwa kwa rimoti, nyingine zinaenea kiganjani.

"Naomba hiyo kubwa."

"Ndege yako ina mabawa marefu kiasi gani?"

"Mita moja na nusu. Nimeiunda mwenyewe."

"Umeshawahi kurusha?"

"Mimi naendesha kreni. Niko angani siku sita kwa wiki."

"Kreni ina breki," alisema Fundi. "Ukifunga hiyo kubwa, pua ya ndege italala. Na kama itaruka, itakuwa inakukimbia wewe. Chukua hii ya wastani, ya mipigo miwili. Haina makuu. Ile ya mipigo minne ina sauti tamu, lakini ina valvu za kurekebisha, na mwanafunzi hapewi mitihani miwili siku moja."

"Nani kakwambia mimi ni mwanafunzi?"

"Umeomba kubwa."

Alimgeukia dada mwembamba aliyekuwa akipanga maboksi. "Shemeji, mfungie Kreni mzigo wake."

Jina likamkaa hapohapo. Kreni aliondoka na injini kwapani na namba ya simu ya Fundi nyuma ya risiti, kwa sababu injini mpya, aliambiwa, haikimbizwi siku ya kwanza. Ilibidi izoeshwe, na alihitaji mtu wa kumwonyesha.

Jumapili iliyofuata walikuwa uani nyumbani kwa Fundi, injini imefungwa kwa skrubu kwenye benchi la mbao. Nyumba ilikuwa safi mno kwa mwanamume anayeishi peke yake. Mlangoni kulikuwa na jozi ya kandambili za kike, ndogo, hazina vumbi. Kreni aliziona, akazipita.

"Simama nyuma ya pangaboi," Fundi alimwambia. "Usisimame mbele wala pembeni. Hii haina urafiki na vidole."

Alibana betri kwenye plagi mpaka waya wake ukawa mwekundu, akalipiga pangaboi kwa kijiti. Injini ilikohoa mara mbili, kisha ikawaka, ikamwaga moshi mweupe wenye harufu ya mafuta ya nyonyo.

"Imeharibika?"

"Inakunywa kupita kiasi. Iache inywe. Hayo mafuta ndiyo yanayoilinda mpaka vyuma vyake vizoeane."

Walichoma matangi manne mchana ule, wakiiacha ipoe kila mara. Kila tangi, Fundi alimwachia aifunge kidogo zaidi sindano inayopitisha mafuta, na mlio ukawa unapanda.

"Unajuaje pa kuachia?"

"Sikiliza. Ukisikia raha, rudi nyuma kidogo. Kisha, ikishakuwa kwenye ndege, inyanyue pua juu. Ikizubaa, ina njaa, ifungulie."

"Kumbe ni kama watu."

"Watu hawana sindano," alisema Fundi. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni muda mrefu kuliko injini.

Wakaanza kupigiana simu. Saa saba mchana, Kreni akiwa amekaa kwenye kibanda chake juu ya jengo lisilo na paa, simu ililia.

"Umekula?"

"Nakula huku nakuona."

"Unanionaje wewe?"

"Bati la jengo lenu lina kutu upande wa kushoto. Na kuna mtu dirishani anapiga miayo."

"Ni mimi," alisema Fundi.

"Najua, mpenzi. Ziba mdomo, utameza ndege."

Lile neno, mpenzi, lilimtoka kama mzaha. Upande wa pili hakuna aliyecheka. "Usiniite hivyo kwenye simu," Fundi alisema taratibu. "Niite ukiwa mbele yangu." Kreni alikaa na jibu hilo jioni nzima, bila kujua kama amepewa kitu au amenyang'anywa.

Mwezi wa pili wa kujuana kwao walianza kwenda uwanjani, nje ya mji, kwenye nyasi za kufika gotini na kipande cha lami ya zamani. Jumapili moja Kreni alivaa gauni la bluu lenye mikono mifupi, na Fundi alisahau anakoelekea akajikwaa kwenye sanduku lake mwenyewe. Ndege ya Kreni ilipaa vizuri. Alipoirudisha chini salama, ikawa zamu ya Fundi.

Kreni alishaona jambo. Kila walipokwenda, Fundi alirusha tangi moja tu, akafungasha. Halafu akiwa anarusha hakusimama katikati ya lami. Alijivuta upande, kama mtu aliyeacha nafasi ya mwenzake. Siku hiyo Kreni aliamua kuijaza nafasi ile. Alisogea akasimama hapo, bega kwa bega. Fundi alishtuka lakini hakumwondoa.

Ndege ikiwa juu, sauti ilisikika kutoka mfuko wa shati la Fundi. Ya mwanamke, laini, imechoka kidogo.

"Dakika ya nane, mpenzi wangu. Irudishe nyumbani."

"Narudi," Fundi alijibu chini ya pumzi.

Kreni aligeuka akautazama ule mfuko. "Nani huyo?"

"Ni saa. Ya kunikumbusha mafuta."

"Saa inakuita mpenzi wangu?"

Macho ya Fundi yalikuwa kwenye ndege. "Ngoja niishushe kwanza."

"Na zile kandambili, nazo ni za saa?"

Kreni hakungoja ishuke. Alibeba ndege yake akakata nyasi kwa miguu mpaka barabarani. Fundi alimpigia mara kumi na moja jioni ile. Hakupokea. Lakini kabla hajalala alidondosha mafuta ndani ya injini yake kama alivyofundishwa, isishike kutu, na ndipo akalia.

Wiki tatu zilipita. Siku moja, akiteremka ngazi za kreni kwenda kula, alimkuta yule dada mwembamba wa dukani anamsubiri chini, kofia ngumu ya kuazima ikimfunika mpaka nyusi.

"Kakutuma?" Kreni aliuliza.

"Akijua nimekuja hatanisemesha mwezi. Dada, wewe ulidhani mimi ni shemeji yake wa upande gani?"

"Mke wa ndugu yake."

"Mimi ni mdogo wake mkewe. Ile sauti ni ya dada yangu. Ana miaka minne kaburini."

Kreni alikaa juu ya matofali.

"Alikuwa akisimama naye pale uwanjani na saa mkononi, anamwitia dakika," shemeji aliendelea. "Alipougua akashindwa kwenda, akamrekodia. Alisema asiache kurusha kwa ajili yake."

"Angekuwa na mwanamke mwingine ningejua pa kuanzia," alisema Kreni.

"Mimi je? Nafanya naye kazi kila siku. Sauti zetu zinafanana. Nikimwita kwa ghafla, anageuka na uso ambao si wangu, kisha ananiona. Miaka minne naona ule uso ukizima." Alivua kofia, akaifuta kwa kiwiko. "Nenda kamsikilize. Ukishindwa, utakuwa umeshindwa ukijua."

Alikwenda Jumapili. Fundi alimfungulia mlango akasimama palepale, kama anayeogopa kwamba akikaribisha ataharibu.

"Unataka niifute ile sauti?" aliuliza.

"Sikuja kufuta mtu. Nimekuja kuuliza kwa nini hukuniambia."

Fundi alikaa kizingitini, kandambili zile za mkewe zikiwa kando yake.

"Siku aliyofariki nilikuwa uwanjani. Yeye ndiye aliyenisukuma niende. Injini ilikuwa imetulia siku ile, haijawahi kulia vile. Sauti yake mfukoni ikasema irudishe nyumbani, nikairudisha, nikajaza tena. Ikasema tena. Nikajaza tangi la tatu. Nilipofika nyumbani, walikuwa wameshamfunika. Nikawaambia nilikuwa kwenye foleni ya magari. Mama yake, mdogo wake, wote. Wakanionea huruma."

Kreni hakumgusa. Alihisi kwamba akimgusa atanyamaza.

"Nataka kukuoa," alisema Fundi, akitazama sakafu. "Lakini siwezi kukuingiza kwenye nyumba yenye uongo huu."

"Mama yake anakaa mbali?"

"Nusu saa."

"Basi inuka. Mimi bado sijavua viatu."

Mama mkwe alikuwa anapiga pasi. Aliwaitikia shikamoo zao, akamtazama Kreni toka kitambaa mpaka viatu, akaendelea na kola ya shati. Fundi alisimama katikati ya chumba akasema yote, bila kuruka hata tangi moja. Pasi haikusimama.

Alipomaliza, mama alikunja shati. "Najua," alisema.

"Unajua nini, mama?"

"Ulikuja na nyasi kwenye soksi. Foleni gani ya magari ina nyasi?"

Fundi alitazama miguu yake, kana kwamba nyasi bado zipo.

"Siku ile tulitaka kukupigia," mama alisema. "Binti mwenyewe alikataa. Alisema ndege ikiwa juu usiitwe, utaiangusha. Mwacheni ashushe kwanza, ndivyo alivyosema."

"Nilishusha, mama. Nilishusha mara mbili, nikajaza."

"Nimesikia."

"Miaka yote hii, kwa nini hukusema?"

"Ningesema ili iwe nini? Binti ameshaondoka. Ningebaki bila mkwe pia." Aliiweka pasi wima. Kisha akamgeukia Kreni. "Na wewe, mwanangu. Utaweza kukaa na mtu anayebeba sauti ya binti yangu mfukoni?"

Kreni alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, na ingekuwa rahisi.

"Sijui, mama. Siku nyingine nitaweza. Nyingine nitatoka nje nitembee."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole. "Hata mimi ni hivyohivyo. Siku nyingine natoka nje."

Fundi alikuwa analia sasa, bila sauti, uso wazi. Kreni alimshika mkono mbele ya mama mkwe, na mama mkwe akaona, akachomoa pasi ukutani.

"Kaeni basi," alisema. "Mmesimama kama watu waliokuja kusoma mita."