Kilo Hamsini na Nane

Maneno yalinifikia nikiwa naanika nguo. Shoga yangu mshonaji alisimama mlangoni, akaniambia kwamba yule fundi wa magari, mpenzi wa binti yangu, anaonekana kila mchana akimzungusha mwanamke mwingine kwenye lile gari lake la mashindano. Mwanamke kavaa kofia ngumu, kajifunga skafu ya njano. Hageuki wala hasalimii mtu.

Nilitaka kuyapuuza, yakanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Skafu ya njano ilikuwa ya binti yangu. Aliisahau gereji wiki ile ile.

Nawaandikia kina mama wenzangu. Mengine binti na fundi wake walinihadithia wenyewe baadaye.

Walikutana kwenye duka la spea anakouza binti yangu, mwisho wa mwezi, watu wamebanana kaunta, kila mmoja ananyoosha kifaa chake kilichochakaa. Yeye blauzi nyeupe, penseli sikioni. Kijana, ndiye huyo fundi, akaingia na ovaroli ya bluu iliyofifia magotini, kakumbatia springi nene kama mtu aliyebeba mtoto.

"Dada, nina gari la marehemu baba. Lilishinda mashindano kabla sijazaliwa. Bodi siigusi, lakini miguu nataka ya kisasa. Springi na shokapu mpya, mbele na nyuma."

"Mzee mwenye magoti ya kijana."

"Hapo umenielewa. Hiyo mizani yenu inasema kweli? Nataka nipime hii."

Binti akapanda juu ya mizani ya vifurushi, na viatu vyake. "Soma."

"Hamsini na nane."

"Basi inasema kweli. Na hiyo namba ukiitaja nje, nakuuzia shokapu mbovu."

Tangu siku hiyo simu haikupoa. Kila binti akitoka kazini alipitia gereji, akamshikia spana, akajifunza kusoma ramani, maana dereva wa mashindano hukaa na msoma ramani pembeni. Alikitamani kiti kile, ila hakusema. Alisubiri aambiwe.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilimweleza yote ya mshonaji. Nilipoona haamini, nikaongeza langu: kwamba wanacheka pamoja.

Akapiga simu mbele yangu, kwa sauti ya chini.

"Unazunguka na nani garini?"

Kijana alidhani ni utani. Alikuwa na jambo analomwandalia. "Huyo? Ametulia huyo. Hana maneno mengi kama wewe."

"Na skafu yangu umempa."

"Imempendeza. Subiri siku ya mashindano, kipenzi, utamjua."

"Mtanikosa siku hiyo."

Siku tisa hakupokea simu yake. Sahani niliiondoa mezani kama nilivyoiweka. Usiku nilimsikia akivuta kamasi, asubuhi ananiambia ni mafua. Zikabaki siku mbili kufika mashindano. Nikavaa viatu vyangu vya kutokea, nikaenda gereji nimtoe mwanamke yule kwa mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

Sikumjibu. Nikafungua mlango wa abiria.

Lilikuwa gunia la mchanga. Limefungwa mkanda, kofia ngumu juu, skafu ya njano imeibana kofia isidondoke. Tumboni limeandikwa kwa rangi nyeupe: 58.

Kijana akajifuta mikono taratibu. "Springi hizi mpya hazitaki kubahatisha, mama. Nazirekebisha gari likiwa na uzito wa watu wawili. Nilitaka kiti kiwe chake kabisa kabla sijamwomba akikalie. Sasa hata simu hapokei."

Nikakaa juu ya tairi, nikampigia.

"Mwanangu, njoo gereji. Ni gunia. Ile habari ya kucheka niliiongeza mimi."

Akakata simu.

Alikuja na gauni lake la kazini, macho yamevimba, akanipita bila kunisalimia. Alilitazama gunia kwa muda mrefu. Kijana akalitoa, akamfungulia mlango. Gari lilisimama juu ya mizani nne, moja chini ya kila tairi. Binti akakaa. Kijana akainama, akasoma zote, akazijumlisha, akatoa uzito wa gari tupu.

"Hamsini na tano. Kilo tatu zimekwenda wapi?"

"Jiulize wewe na utani wako."

"Nimekosa, roho yangu. Ningekujibu vizuri tangu siku ile." Akapiga goti pale pale kwenye grisi. "Kiti hiki nimekurekebishia wewe. Akikaa mwingine gari linayumba."

"Na nikinenepa? Na nikibeba mimba?"

"Springi nitazilegeza, nitazikaza. Kila mwaka, ukinikubali."

Binti akajifunga mkanda. "Kwanza nipe skafu yangu. Halafu niambie tunaondoka saa ngapi keshokutwa, na mjomba wako anakuja kwetu lini kuzungumza na mama."

Aliponitaja, nilijua nami nimesamehewa, ingawa si yote.

Basi epukeni haya:

Kumpelekea mtoto maneno ya mlangoni kabla hujaenda kuona.

Kuongeza lako ili yaaminike. Hilo ndilo kubwa.

Kumshuku mtu ambaye uso wake haujaonekana.

Nanyi vijana: kumjibu mwenzako kwa mzaha wakati anauliza kwa sauti ya chini.

Kutopokea simu siku tisa.

Kutaja kilo za binti yangu. Mimi nimeruhusiwa mara hii tu.